Pipa la Ghorofa ya Tatu

Saa tano usiku naingia kwa kadi yangu.
Coventry imelala, barabara ya mzingo inavuma kama friji,
nami nina ndoo, vitambaa, na ghorofa tatu za kupiga deki.
Ya tatu ndiyo ya wanaoajiri.
Bi Thackray ni mtu wa karatasi: kila ombi hulichapa,
hulipitia kwa kalamu ya risasi, kisha huamua.
Lililoshinda hulala mezani.
Lililoshindwa hunijia mimi.

Najua si adabu kusoma cha watu.
Lakini pipa halina mlango wa kubisha hodi,
na miaka sita ya kumwaga karatasi
imenisomesha somo ambalo chuoni kwako, Mbarouk,
hulifundisha saa moja tu, Jumatano, na biskuti juu.

Basi kaa. Zima simu. Nipe huo wasifu wako.

“Mimi ni kijana mchapakazi, hodari, mwenye ari.”
Mdogo wangu, mchapakazi nimemmwaga mara elfu.
Ari ilijaa mifuko mitatu jana.
Wasifu na sifa ni watoto wa tumbo moja, sawa,
ila mama alitulea tusijisifu:
kizuri chajiuza, alisema, kibaya chajitembeza.
Huku kizuri kisipojitembeza kinaota ukungu.
Nimeliwaza sana hilo nikisugua masinki,
na nadhani dawa yake ni hesabu.
Usiseme hodari. Sema: masanduku mia mbili na arobaini kwa zamu,
ghala la Tile Hill, Ijumaa mpaka Jumapili,
na mtihani wa takwimu Jumatatu asubuhi.
Kisha nyamaza.
Sifa aitie msomaji.

Na barua. Sisi twaiita barua ya maombi,
nawe umeiandika kama mtu aliye juu ya mswala:
“naomba kwa unyenyekevu, nitashukuru daima.”
Inuka. Mola ndiye wa kuombwa hivyo.
Yule ni mwanamke mwenye chai iliyopoa
na malori yasiyofika kwa wakati.
Mwambie la malori.

Wiki iliyopita nilimmwaga msichana wa daraja la kwanza,
karatasi nzito, laini, mpaka ikaniuma:
alitaja kampuni nyingine, ya ng'ambo ya barabara.
Mwingine kurasa tano, kuanzia chekechea.
Mwingine aliweka picha ya paka wake.
Huyo nilimpenda, lakini nilimmwaga.

Mbona hapa umefuta?
“Hilo la chama cha kuzikana, dada. Watacheka.”
Watu arobaini na mmoja, pauni tano kila mwezi,
miaka mitatu daftari mkononi mwako,
maiti wawili wakasafirishwa hadi Wete
na senti haikupotea. Kipi cha kuchekesha?
Rudisha.
“Nitaiandikaje kwa Kiingereza?”
Kama ilivyo. Kifo wanakijua.

Hayo yalikuwa Februari.
Ulipeleka wapi, hukusema, sikuuliza.

Jana niliinamisha pipa la ghorofa ya tatu
na kwa mara ya kwanza mkono ulinitetemeka.
Nilihesabu moja moja, uso juu: kumi na nne.
Nikatafuta herufi zako, zile M zako zilizolala.
Hukuwemo.

Mezani zilikuwa tatu.
Ya katikati ilikuwa na saini yako.
Mstari mmoja umepigiwa kalamu ya risasi,
si wa shahada, si wa masanduku;
arobaini na moja imezungushiwa duara,
na pembeni yake, alama ya kuuliza.

Alama ya kuuliza si ndiyo, Mbarouk.
Wala si hapana.
Ndiyo maana leo nimekupikia, na sisemi kitu.

Nilifuta meza yote, miguu yake, droo zake,
kikombe nikakiosha.
Pale nilipitisha kitambaa
pembeni, pembeni tu,
kama mtu anayefagia karibu na aliyelala.